Jinsi ya kumsaidia mzazi wako kupiga kura Kenya bila kuvunja sheria

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Kama mama yako haoni vizuri, mikono inamtetemeka au hajui kusoma, mpango wa kumsaidia ufanyeni nyumbani, si mlangoni mwa kituo. Nimesimamia vituo, na vurugu nyingi za wasaidizi huletwa na watu wasiojua kanuni ya 72 ya Kanuni za Uchaguzi za 2012, inayohusu wapiga kura wanaosaidiwa.

1. Yeye ndiye achague msaidizi. Si chifu, si kijana wa chama aliyekuja na gari. Msaidizi awe ametimiza miaka 18, lakini si lazima awe amejiandikisha kupiga kura. Mjukuu wa miaka 15 hafai, hata kama ndiye anayewasomea barua nyumba nzima. Mgombea hafai, wala wakala, yaani mwakilishi wa chama au mgombea kituoni.

2. Msaidizi mmoja, mpiga kura mmoja. Hapa ndipo watu hukasirika. Jirani mwema anafika na nyanya wanne, anaambiwa atamsaidia mmoja tu katika uchaguzi huo. Mimi naiunga mkono sheria hii kabisa: anayewasaidia wazee kumi anaweza kupiga kura kumi, na hakuna atakayejua.

3. Kituoni. Mzee atoe kitambulisho au pasipoti aliyojiandikishia, atambuliwe kwa mashine ya KIEMS, ile ya alama za vidole, kama wengine. Kisha ombi la kusaidiwa lipelekwe kwa msimamizi wa kituo. Msimamizi makini atamuuliza mpiga kura, si wewe: "Mama, huyu umemchagua mwenyewe akusaidie?" Nyamaza, ajibu yeye. Ukimjibia, mawakala watapinga, na watakuwa na haki.

4. Jaza Fomu 32. Ni tamko lako la kutunza siri, na hulitoa mbele ya msimamizi kabla ya kumsaidia. Usiichanganye na Fomu 32A, ambayo ni ya mpiga kura ambaye mashine imeshindwa kumtambua kwa alama za vidole. Ukitoka nje ukaanza kusimulia mama alimpigia nani, umetenda kosa la jinai.

5. Ndani ya kibanda. Karatasi ni sita: Rais, Gavana, Seneta, Mbunge, Mwakilishi wa Kike na Mwakilishi Wadi. Shika moja moja. Soma majina yote kwa sauti ya chini, pamoja na vyama, kuanzia juu hadi chini, hata yule usiyempenda. Akishasema, mwonyeshe kisanduku. Kama anaweza kushika kalamu, aweke alama mwenyewe. Asipotaka kupigia kura nafasi fulani, ni hiari yake. Kunja kila karatasi, mwongoze kwenye debe lenye kifuniko cha rangi ya karatasi hiyo.

6. Akija peke yake. Hatarudishwa nyumbani. Msimamizi wa kituo ndiye atakayemsaidia, lakini mbele ya mawakala. Maana yake atalitaja jina la mgombea wake huku mawakala wa vyama wakisikia, na huko mashinani mawakala hao ni majirani na wakwe. Kwa hivyo kama nyumbani mna wazee wawili na mtu mzima mmoja tu, anzeni sasa kumtafuta wa pili, hata binamu ambaye hajajiandikisha kupiga kura.