Jinsi ya Kupunguza Mkaa, Umeme na Taka Kwenye Mgahawa

Mgahawa unaopika kutwa nzima huharibu mazingira kwa njia tatu kubwa: moto wa jikoni, chakula kinachotupwa, na maji machafu yenye mafuta. Hayo matatu ndiyo pia yanayokula faida, kwa hiyo kuyashughulikia hakuhitaji ufadhili wala cheti. Kunahitaji mizani, daftari na msimamizi asiyechoka.

Pima wiki mbili kabla ya kununua chochote

Tafuta mizani ya kuning'iniza ya kilo 50. Weka jikoni ndoo tatu zenye mifuniko na uziandike: MAANDALIZI (maganda, mashina, matumbo ya samaki), VILIVYOHARIBIKA (nyanya zilizooza, maziwa yaliyochacha, wali wa jana), na SAHANI (anachobakiza mteja). Kila jioni pima kila ndoo, andika kilo, kisha mwaga. Pima pia mkaa kabla haujaingia jikoni, maana gunia si kipimo: hutofautiana kwa kilo nyingi kutegemea aliyelijaza. Andika uniti za umeme zilizobaki kwenye mita wakati wa kufunga, uziandike tena asubuhi kabla ya kuwasha kitu chochote. Tofauti yake ni umeme ulioliwa usiku, na mara nyingi huo ni wa mafriji pekee.

Zoezi hili huharibika mahali pamoja: wafanyakazi wakidhani unatafuta mwizi, ndoo zitamwagwa kabla hujapima. Waambie mapema kwamba hakuna jina litakaloandikwa, na usiliandike kweli.

Moto

Mkaa ndio wa kwanza kushughulikiwa. Kwa tanuru la kienyeji la udongo, kilo moja ya mkaa hutokana na kilo 6 hadi 10 za kuni, na jiko la kawaida hupoteza karibu robo tatu ya joto lake hewani. Tanzania imeshaziagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, kwa hiyo mgahawa unaokua ni bora uhame mapema kwa mpango wake wenyewe.

Hesabu ya kulinganisha ni rahisi. Kilo moja ya gesi kwenye jiko zuri hufanya kazi ya kilo 3 hadi 3.5 za mkaa kwenye jiko la kawaida. Mtungi wa kilo 15 basi unashindana na kilo 45 hadi 52 za mkaa. Chukua bei za mtaani kwako, zidisha, uone mwenyewe. Vyakula vinavyochemka kwa saa nyingi, kama maharage, makande na supu ya makongoro, vifanyie hesabu ya tatu: jiko la presha la umeme. La lita 6 huivisha nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa kwa umeme usiofika nusu uniti. Kwa mgahawa tafuta la lita 20 au zaidi, lakini kwanza mwite fundi umeme. Majiko hayo huvuta umeme mwingi na yanahitaji waya wake kutoka kwenye kikata umeme. Kuyachomeka kwenye ekstensheni ya kawaida ni kuunguza nyumba.

Wanaohamia gesi hukosea zaidi kwenye ukubwa wa mtungi. Majiko makubwa manne yakivuta kwenye mtungi mdogo, mtungi unapoa hadi kuota barafu kwa nje, msukumo unashuka, na mpishi anadhani gesi imeisha. Tumia mitungi miwili ya kilo 38 (Kenya, ya kilo 50) iliyounganishwa pamoja, ikiwa nje ya jiko, imesimama wima, kwenye banda lenye matundu chini. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hujikusanya sakafuni, na dirisha la juu halisaidii kitu. Kila unapobadilisha mtungi, paka maji ya sabuni kwenye maungio uangalie mapovu.

Baada ya hapo ni nidhamu ya kila siku. Moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na sufuria zikishika masizi, matundu ya jiko yameziba au hewa haitoshi. Ndimi zisipande pembeni ya sufuria. Maji yakishaanza kuchemka punguza moto na ufunike, kwa sababu maji yanayochemka kwa fujo hayana joto zaidi ya yanayochemka taratibu. Maharage yalowekwe saa 8 hadi 12. Hilo la mwisho halina gharama yoyote, na bado jikoni nyingi hulisahau kila usiku hadi apatikane mtu mmoja anayewajibika nalo kwa jina.

Friji

Hapa ni kazi ya asubuhi moja. Bana noti kwenye mlango wa friji, uufunge, uivute. Ikitoka bila kukwama, raba imechoka, ibadilishe. Vuta friji sentimita 10 kutoka ukutani, safisha vumbi na mafuta kwenye koili ya nyuma kila mwezi, na ulitenge mbali na majiko. Friji iwe kati ya nyuzi 1 na 4, friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Barafu ikifika unene wa kidole ndani ya friza, umeshachelewa kuiyeyusha. Chakula cha moto kisambaze kwenye trei za kina kifupi, zipozwe juu ya maji baridi, halafu kiingie friji ndani ya saa 2. Ukiweka sufuria nzima ya moto, friji itahangaika usiku kucha na katikati ya sufuria chakula kitachacha.

Chakula kinachotupwa

Sasa fungua daftari. Ndoo ya SAHANI ikiwa nzito kwa ugali au wali, kipimo chako ni kikubwa mno: punguza, na mtangazie mteja kwamba nyongeza ni bure. Wengi hawaombi. Ndoo ya VILIVYOHARIBIKA ikiwa na wali uliopikwa, gawa upishi: pika karibu theluthi mbili mapema, iliyobaki ipikwe ukishaona wateja wa siku hiyo wamekujaje. Ikiwa na mboga mbichi, tatizo liko sokoni. Nunua mara tatu kwa wiki badala ya mara moja, na kilichoingia mwanzo kitoke mwanzo.

Kitakachobaki baada ya hapo kina wateja. Wafugaji wa nguruwe na wazalishaji wa funza wa nzi askari mweusi hutafuta mabaki ya jikoni. Funza hao hula mabaki kwa wiki mbili hivi kisha huwa chakula cha kuku na samaki. Makubaliano huvunjika kwa sababu mbili tu: mabaki yamechanganywa na vijiti, plastiki na tishu, au yamekaa siku mbili yakanuka. Tenga, funika, na yachukuliwe kila siku. Kenya, kutenganisha taka pale zinapozalishwa ni takwa la Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022.

Mwenye uwanja atengeneze mboji. Ndoo moja ya maganda mabichi kwa ndoo mbili za vikavu: majani, maranda ya mbao, mabua. Rundo liwe mita moja kila upande, dogo zaidi halishiki joto. Lipindue kila wiki. Chukua konzi moja ya mboji uikamue: yakitoka matone mawili matatu, unyevu unatosha. Likinuka kama mkojo, ongeza vikavu. Likinuka kama mayai viza, halina hewa, lipindue. Nyama, mifupa na mafuta visiingie, vitaleta panya. Itaiva baada ya miezi mitatu hivi.

Mafuta na maji

Mafuta ya kukaangia yachujwe kila jioni, yasipite nyuzi 180, na chumvi isitiwe juu ya karai. Yakianza kutoa povu na moshi mapema, yameisha. Yahifadhi kwenye dumu lenye alama na uwauzie watengeneza sabuni. Usimuuzie mtu atakayeyarudisha barabarani kukaangia chipsi. Uliza, na usiporidhika na jibu, usiuze.

Chini ya sinki weka mtego wa mafuta, yaani sanduku ambalo maji machafu hupitia kabla ya kuingia bomba la nje. Hufanya kazi kwa kuyapunguzia maji mwendo ili mafuta yaelee na mashapo yatulie. Mafuta na mashapo vikifika robo ya kina, safisha. Ukingoja zaidi, mafuta hupita moja kwa moja kwenye bomba la nje na kuganda huko. Sahani zifutwe kwanza kwa kikwangulio. Usimwage maji yanayochemka wala dawa kali humo: huyeyusha mafuta hapo na kuyagandisha mbele, mahali usipofika.

Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza karibu lita 20 kwa siku. Badilisha raba yake leo. Samaki wa barafu alale friji tangu jana badala ya kuyeyushwa chini ya bomba lililo wazi.

Vifungashio

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, kwa hiyo hilo halina mjadala. Tahadhari na vyombo vinavyouzwa kwa jina la "vinaoza": vingi huhitaji joto la kiwanda cha mboji, na dampo la kawaida halina joto hilo. Mpe punguzo dogo mteja anayekuja na hotpoti yake. Maji ya kunywa ndani, weka chupa kubwa ya lita 20 na glasi.

Sola iwe ya mwisho. Kilowati moja ya paneli hutoa kama uniti 4 kwa siku katika eneo letu, kwa hiyo kila uniti uliyoiokoa kwenye friji na jiko inapunguza idadi ya paneli za kununua. Pima upya mita yako mwezi mmoja baada ya marekebisho yote, mchana na usiku mbali mbali. Matumizi ya mchana yatakupa idadi ya paneli. Ya usiku, ukubwa wa betri, ambayo ndiyo huchakaa mapema kuliko paneli, kwa hiyo inunue kwa kiasi hicho tu.