Somo: Namna ya kukutana na marubani wastaafu wa ndege za kivita

Wanakikundi, habari za Nyanda za Juu. Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, inakaribia, na wazee wetu wa Jeshi la Anga huwa wanatafutana wakati huo. Waliorusha ndege kwenye Vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, sasa wana miaka sabini na kitu. Tuwawahi.

Hatua ya 1. Pitia kwa mwenyeji. Usizuke ukumbini na simu mkononi. Mtafute mzee mmoja, au mwanawe, akutambulishe. Mkiandaa wenyewe, mimi nachagua Makambako, maana wa Njombe, Mbeya na Iringa wote barabara zinawakutanisha pale. Baridi ya Julai mnaijua. Wekeni viti juani, saa sita mchana, na chai ya tangawizi isikauke.

Hatua ya 2. Zijue ndege. MiG-21 ya Mrusi ina injini moja, na ikiwa juu inapita kilomita 2,000 kwa saa. Za Mchina ni nyingine: J-6 ni nakala ya MiG-19, ina injini mbili, J-5 ni nakala ya MiG-17. Ukizichanganya, mzee hatakusahihisha. Atafupisha tu maelezo, na hutajua umekosa nini.

Hatua ya 3. Shikamoo kwanza. Iringa ukiongeza "kamwene" umeshakaribishwa ndani. Cheo hakistaafu: Meja wa zamani bado ni Meja mbele ya wenzake.

Hatua ya 4. Uliza kazi, usiulize mauaji. Swali la "uliua wangapi?" linafunga mlango, na ninavyoona mimi halina adabu. Uliza hivi: "Ukiitwa alfajiri, ulianza na nini?" Hapo atakuzungusha kwenye ndege nzima: matairi aliyoyagusa, tochi aliyomulika, fundi aliyemkaza mikanda. Kisha mikono itaanza kuruka yenyewe. Mzee mmoja wa Mafinga alisogeza kikombe cha chai kikawa uwanja wa ndege, akainua viganja viwili, cha kulia nyuma kidogo ya cha kushoto. "Huyu wa mbele kiongozi. Mimi huku namlinda mgongo." Akalaza viganja vyote upande mmoja, na meza nzima ikainama naye. Kwa hiyo rekodi video, na simu ikae mbali kiasi mikono ionekane. Ukirekodi sauti tupu utabaki na "hivi, halafu hivi".

Hatua ya 5. Wakumbuke mafundi. Migi haibebi mafuta mengi, safari yake ni fupi. Aliyekesha chini yake ni fundi wa injini na wa silaha. Hawa huwa wanakaa nyuma na kunyamaza, na mara nyingi ndio wanaokumbuka vizuri zaidi.

Hatua ya 6. Nakala ya video ipelekwe kwa familia, wiki hiyohiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Wa Tukuyu: Baba mdogo hasikii vizuri, nikipaza sauti anakasirika.
Jibu: Mlio wa jeti umeharibu masikio ya wengi. Kaa mbele yake aione midomo yako, ongea taratibu, zima redio. Kelele hazisaidii.

Wa Njombe: Naweza kupiga picha kambini alikofanyia kazi?
Jibu: Bila kibali, usithubutu. Kuna Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970. Piga picha za nyumbani kwake. Na yeye akisema "hilo tuliache", liache.

Wa Mbalizi: Wazee wawili wanabishania siku ndege ya Libya ilipotaka kuipiga Mwanza. Nimwamini nani?
Jibu: Ile Tu-22 ya Machi 1979 mabomu yake yaliangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama. Lakini wewe si hakimu. Muulize kila mmoja alikuwa amesimama wapi siku hiyo, kisha andika yote mawili.

Wa Mafinga: Tuwape bahasha?
Jibu: Kulipia hadithi, hapana. Nauli, ndiyo, na umtumie kabla hajatoka nyumbani. Akija na mama, na ya mama pia.