Fundi kakataa faili lako la STL? Lichore upya ndani ya FreeCAD

Jumamosi iliyopita kijana mmoja anayeuza juisi ya miwa Tabata, Dar es Salaam, alinijia na laptopu yake mgongoni. "Shikamoo kaka. Fundi wa Gerezani kalikataa faili langu, anasema mashine yake hailielewi." Nikaitikia, nikalifungua. Kilikuwa kikombe cha kushikia beringi kwenye mashine ya kukamulia miwa, alichokipakua bure mtandaoni. Kilichorwa kwa beringi namba 6203, na mashine yake inatumia 6204. Alikuwa amehangaika siku mbili akitafuta namna ya kupanua tundu, na kila alipobofya, programu ilimwonyesha maelfu ya mistari kama nyavu za wavuvi wa Feri.

Tulimaliza mchana uleule. Naandika njia tuliyopita, kwa sababu hii ni mara ya nne mwaka huu naulizwa jambo hilihili.

Kabla ya kugusa chochote

STL ni aina ya faili la umbo. Ilizaliwa mwaka 1987 kwenye kampuni ya 3D Systems kwa ajili ya mashine zao za kuchapa vitu kwa tabaka. Kazi yake ni kueleza sura ya nje ya kitu kwa pembetatu, basi. Ndani ya faili hamna tundu, hamna duara, hamna kipenyo. Unachokiona kama duara ni vipande vilivyonyooka vilivyopangwa kuzunguka. Hiyo ndiyo meshi: ngozi tupu, haina nyama ndani. Fundi mwenye mashine ya CNC, yaani ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta, anataka STEP, aina nyingine ya faili ambayo inasema waziwazi "hapa pana silinda ya milimita 47". Kutoka ngozi kwenda nyama hakuna kitufe cha kubofya mara moja kikatoa kazi nzuri. Anayekwambia kipo hajapeleka kipuri kwa mkereza.

Natumia FreeCAD, programu ya kuchorea vipuri kwenye kompyuta, toleo la 1.0, na sitaki kusikia nyingine kwa kazi hii. Ni ya bure, haihitaji akaunti, na inafanya kazi hata bando likiisha. Programu zinazotaka uingie mtandaoni kwanza ndipo zikufungulie kazi yako mwenyewe sizipendekezi kwa mtu anayeanza. Majina ya menyu nayaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini ili usipotee.

Hatua ya 1: Pima faili lenyewe

Kabla hujalifungua, tazama ukubwa wake. STL iliyohifadhiwa kwa mfumo wa baiti, yaani si ya maandishi, ina kichwa cha baiti 80, kisha baiti 4 za idadi, kisha baiti 50 kwa kila pembetatu. Kwa hiyo toa 84, gawanya kwa 50. Faili la kijana lilikuwa na baiti 60,284, sawa na pembetatu 1,204. Hilo ni jepesi. Faili la megabaiti 3 lina pembetatu kama 60,000, na ukilazimisha FreeCAD kuligeuza lote kuwa solidi, yaani umbo lenye nyama ndani, kila pembetatu itakuwa uso unaojitegemea; laptopu ya kawaida itaganda mpaka uizime.

Angalia pia kama idadi ni shufwa au witiri. Kila pembetatu ina kingo tatu, na kwenye meshi iliyofungwa vizuri kila ukingo ni wa pembetatu mbili. Hesabu hiyo haiwezi kutimia kwa idadi witiri. Ukipata witiri, meshi ina tundu au ina pembetatu ya ziada mahali fulani. Ukipata shufwa bado hujathibitisha kitu, lakini unaweza kuendelea.

Hatua ya 2: Ingiza, kisha sahihisha kipimo

"File", halafu "Import". STL haibebi kipimo, inabeba namba tu, na FreeCAD huzihesabu kama milimita. Tundu la kijana lilisomeka kama 1.575. Ukizidisha 1.575 kwa 25.4 unapata 40, ambayo ndiyo kipenyo cha nje cha beringi 6203. Aliyechora alitumia inchi. Nenda sehemu ya kazi ya "Mesh", chagua "Meshes", kisha "Scale", weka 25.4. Kama namba zimetoka ndogo mara elfu, mchoraji alitumia mita.

Fanya hili mapema. Ukilisahau, kila hatua inayofuata itakuharibikia na hutajua kwa nini.

Hatua ya 3: Kagua afya ya meshi

"Meshes", "Analyze", "Evaluate and repair mesh". Bofya uchambuzi wote, rekebisha kinachorekebishika. Hifadhi faili. Umeme ukikatika na betri ni mbovu, utashukuru.

Usibofye "Decimation". Najua inavutia, inapunguza pembetatu na kila kitu kinakuwa chepesi. Kwa kinyago kilichopigwa skani, au kiatu, au uso wa mtu, ni sawa kabisa, na hapo heri utumie programu za meshi kama Blender au MeshLab. Kwa kipuri cha mashine, inasogeza ncha kutoka mahali pake, na ncha hizo ndizo ushahidi pekee ulionao wa vipimo vya mchoraji.

Hatua ya 4: Amua, geuza au chora upya

Kama kitu chako kina nyuso bapa tupu, mfano breketi au boksi, kukigeuza kunatosha. Ingia "Part", kisha "Create shape from mesh". Itakuuliza tolerensi (umbali ambao ncha mbili huhesabiwa kuwa moja), 0.1 inayokuja yenyewe inafaa kwa kitu cha sentimita kadhaa, ila kwa kitu kidogo ishushe, la sivyo ncha zilizo jirani zitashonwa pamoja. Halafu "Convert to solid", halafu "Create a copy" na "Refine shape", ambayo huunganisha pembetatu zilizolala kwenye uso mmoja. Hapo una solidi unayoweza kuitoboa.

Kikiwa na duara lolote linalobeba kazi, chora upya. "Refine shape" haijui kurudisha silinda. Tundu litabaki na pande 32 hata kwenye STEP, na mashine ya fundi itachonga pande 32 kwa uaminifu.

Hatua ya 5: Kuvua vipimo kutoka kwenye meshi

Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoteza siku nzima na kipande cha aluminiamu.

FreeCAD haikuruhusu kushika ncha za meshi kama unavyoshika ncha za solidi. Njia yangu ni kuikata kipande chembamba, kama kukata boflo, na kusoma kipande. Chagua meshi, tafuta "Cross-sections" ndani ya menyu ya "Meshes", chagua bapa la XY (lililolala kama sakafu), weka kimo. Utapata mistari halisi inayoshikika. Kisha fungua mchoro mpya kwenye "Sketcher", sehemu ya kuchorea mistari. Usiuweke ndani ya "Body" (kapu la FreeCAD la kukusanyia hatua za kitu kimoja), kwa sababu mchoro ulio ndani ya "Body" unakataa kushika vitu vilivyo nje yake moja kwa moja. Kwenye mchoro tumia "External geometry" kugusa mistari ya kile kipande, halafu chora duara la kupita ncha tatu. Weka kipimo cha kipenyo, kisome.

Rahisi, siyo? Sasa sikiliza.

Ncha za pembetatu za silinda ziko juu ya duara la kweli. Katikati ya kila upande ulionyooka, mstari umeingia ndani ya duara. Kwa duara la pande 32, kipenyo ukikipima kutoka katikati ya upande hadi katikati ya upande wa pili ni kipenyo cha kweli mara 0.9952. Kwa milimita 40 hiyo ni 39.81. Kwa milimita 60 ni 59.71. Tundu dogo la milimita 8 lenye pande 16 ni baya zaidi: 7.85.

Mtu atasema, basi nitashika ncha za kona tu. Shida ni kwamba ukuta wa silinda umejengwa kwa mistatili, na kila mstatili umegawanywa kwa mshazari kupata pembetatu mbili. Ukikata kipande katikati ya kimo, kisu kinapita kwenye kingo za wima, na pia kinapita kwenye ile mishazari. Kila kinapokutana na mshazari, kinaacha ncha. Kwa hiyo kwenye kipande chako ncha zinapishana: moja ya kweli, moja ya uongo, moja ya kweli, moja ya uongo. Zote zina rangi moja na ukubwa mmoja. Na katikati kabisa ya kimo, mshazari unakatwa katikati kabisa ya upande, yaani pale ambapo kosa ni kubwa kuliko pote.

Mimi niligusa tatu za uongo. Nilikuwa nachora kizibo cha milimita 60 cha kuingia ndani ya pampu. Programu ilisema 59.71, nikaamini, nikadhani mchoraji aliacha nafasi kwa makusudi. Mkereza alikereza kama nilivyoandika. Kizibo kikacheza ndani ya pampu, maji yakapita. Tundu likiwa dogo unaweza kulipanua. Kizibo kikiwa chembamba hakuna cha kurudisha. Nilimlipa fundi, nikarudi nyumbani, nikakaa usiku nikihesabu pembe mpaka nikaelewa mishazari.

Tangu siku hiyo nafanya mambo matatu, na simruhusu mtu aruke hata moja.

Kwanza, navuta picha karibu na kushika ncha pale tu mstari unapopinda. Ncha ya kweli ina kona. Ncha ya uongo imelala katikati ya mstari ulionyooka.

Pili, nakata kipande cha pili karibu kabisa na mwisho wa silinda, mfano milimita 0.05 kutoka ukingoni. Hapo mshazari unakatwa karibu sana na kona, hivyo hata ukikosea, kosa ni dogo. Vipande viwili vikitoa kipenyo kimoja, endelea. Visipokubaliana, kwenye kimojawapo umeshika ncha mbaya.

Tatu, namba ninayoipata naiuliza ilitaka kuwa nini. Watu huchora kwa namba kamili au kwa namba za vitabu vya vipuri. 39.98 ni 40. 55.97 ni 56. Ukipata 39.81 na unajua pale panakaa beringi ya 40, rudi nyuma.

Kwenye faili la kijana tulipata tundu 40, nje ya kikombe 56, bamba la chini 90 kwa 90 lenye unene 10, na matundu manne ya bolti za M8 (unene wa milimita 8) yaliyopangwa kwenye mraba wa 60.

Hatua ya 6: Chora kitu kipya

Ficha meshi, anza mchoro safi. Usiuunganishe na mistari ya zamani. Andika namba kwa mkono wako.

6204 ina tundu la 20, nje 47, unene 14. 6203 ina 17, 40 na 12. Ukuta wa kikombe cha zamani ulikuwa milimita 8, nikauacha hivyohivyo: 47 ongeza 16, nje inakuwa 63. Kina cha kukalia beringi 14. Bega la chini tulilitoboa 40 ili liguse pete ya nje ya beringi tu, pete ya ndani izunguke huru. Matundu ya M8 tuliyapa kipenyo cha 9.

Kikombe kikinenepa, hakikisha washa za bolti bado zina pa kukaa. Tundu lililo kwenye kona ya mraba wa 60 liko milimita 42.4 kutoka katikati. Kikombe kinafika 31.5. Inabaki karibu 11, na washa ya M8 inahitaji 8. Inatosha.

Bamba, kikombe, matundu: "Extrude", "Union", "Cut", zote za sehemu ya "Part". Malizia na "Check geometry".

Hatua ya 7: Washa meshi tena

Irudishe meshi ionekane, ifanye ionyeshe ng'ambo kidogo, uiweke juu ya umbo jipya. Bamba na matundu lazima vilale pamoja kabisa. Kikombe peke yake ndicho kitofautiane. Hapa tuligundua tundu moja la bolti tulilichora upande usio wake.

Hatua ya 8: Toa STEP, na karatasi

Chagua umbo la mwisho peke yake, "File", "Export", STEP. Lifungue faili hilo kwenye dirisha jipya uone limefika zima. Likitumwa kwa WhatsApp, litume kama hati.

Lakini usitume STEP pekee. Tengeneza karatasi kwenye "TechDraw" yenye vipimo vyote, kwa sababu mkereza anafanya kazi akitazama karatasi iliyobanwa pembeni ya mashine. Kwenye tundu la beringi andika kwamba liwe kati ya 47.000 na 47.025. Usipoandika, kila fundi ana "arobaini na saba" yake. Na beringi yenyewe ipeleke, ajaribishie kabla hajakitoa kipande kwenye mashine.

Kijana alipeleka vyote Jumatatu asubuhi. Mchana fundi alinipigia kuuliza jambo moja: aluminiamu au chuma?