Ripoti ya tukio kwa mfuatano: nilivyomfundisha mtoto wa dada yangu

Yuko mwaka wa tano shuleni hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Mwalimu aliwaagiza waulize nyumbani jinsi watu walivyokimbia volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, kisha waandike.

1. Anza na jambo dogo. Kwenda ziwani na bidoni, yaani dumu, kurudi na maji. Volkano baadaye.

2. Kata vikaratasi. Daftari kuukuu linatosha. Tukio moja, karatasi moja: "tulifunga mlango tukatoka" ni karatasi mbili. Usiandike namba, maana mtoto akiona namba hafikiri tena. Avitandaze chini, avipange, asimulie huku akivigusa. Upepo ukivuma, weka vijiwe. Goma hatukosi mawe. Wengine huchora mstari ubaoni. Mimi siupendi: kufuta mbele ya wenzake kunamtia mtoto haya, ila karatasi anaisogeza tu.

3. Chunguza saa. Hapa nilipoteza mchana mzima. Kijana alipanga hivi: mama alitoka nyumbani saa 1, anga likawa jekundu saa 19. Nikamuuliza, mama alikimbia nini sasa? Akashikilia kwamba 1 inatangulia 19, na kwa hesabu ana haki. Kumbe mama yake alisimulia kwa Kiswahili, saa moja jioni, na mjomba alisoma saa kwenye simu, 19. Ni saa ileile! Shuleni Kifaransa kinahesabu kuanzia usiku wa manane, nyumbani tunahesabu kuanzia jua kuchomoza. Kwa hiyo kila saa iandikiwe asubuhi, jioni au usiku, na zote ziwe za hesabu moja. Mimi huanza kwa kuziondoa kabisa: kabla ya giza, baada ya chakula, jogoo alipowika. Saa zirudi mwishoni.

Angalia na tarehe. Mlipuko ulikuwa Jumamosi, 22 Mei 2021. "Usiku ule" ulivuka hadi Jumapili, basi aandike "usiku wa kuamkia Jumapili". Tena watu walikimbia mara mbili: usiku wa lava, na tarehe 27 Mei, serikali ilipoamuru sehemu ya mji ihame. Watoto huziunganisha zikawa safari moja. Ukiona lava na amri ya kuhama kwenye rundo moja, tenganisha marundo kwanza.

4. Aandike. Kitenzi cha kwanza -li-, vinavyofuata -ka-: "Mama alisikia kelele, akafungua mlango, akaona anga jekundu, akanibeba mgongoni." Halafu futa kila "kisha", bakiza moja. Mambo mawili yakienda pamoja, -ki-: "alitembea akiniimbia".

5. Amsomee aliyemsimulia, vikaratasi vikiwa bado chini. Dada yangu alisikiliza hadi katikati, akainama, akasogeza viwili. Godoro lilitoka kwanza, akasema. Sufuria alizirudia.