Jinsi ya kuzikutanisha nyumba za ibada kwenye kazi ya tabianchi

Nimeratibu kamati za dini mbalimbali kwa muda mrefu, na ushauri wangu wa kwanza ni huu: msianze na tamko. Matamko tunayo. Viongozi wa dini tano walikutana Assisi, Italia, kwa ajili ya mazingira tangu 1986. Mwaka 2015, Juni, Papa Fransisko alitoa Laudato Si', waraka wake kuhusu kuitunza dunia, na Agosti wanazuoni wa Kiislamu wakatoa tamko lao la tabianchi Istanbul, Uturuki. Kinachokosekana mara nyingi ni majirani wa dini mbili wanaojuana kwa majina na wenye kazi mikononi.

Kabla ya mkutano wowote, mwendee kila kiongozi peke yake. Muulize waumini wake wanateswa na nini: mafuriko, kisima kukauka, joto? Ajenda itoke huko. Shekhe au mchungaji anayeitiwa ajenda iliyokwisha kuandikwa huja mara moja tu. Msikilize pia mweka hazina, kina mama wa jikoni na kijana wa vipaza sauti, kwani bila wao hakuna kitakachofanyika.

Tarehe ichaguliwe kwa uangalifu. Epukeni Ijumaa mchana, Jumamosi kwa ajili ya Wayahudi na Wasabato, na Jumapili asubuhi. Ramadhani hutangulia kwa siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo kalenda ya mwaka jana haifai. Chakula kisicho na nyama kitawaondolea maswali mengi.

Sala ya pamoja siishauri. Kila mmoja afungue kwa maneno ya dini yake, wengine wakisikiliza kwa heshima. Mwislamu ana aya ya 31 ya sura ya Al-A'raf katika Kurani inayokataza israfu, Myahudi na Mkristo wana Mwanzo 2:15, ambapo mtu anawekwa bustanini ailime na kuitunza, na Mhindu ana Atharva Veda, maandiko yake matakatifu, inayoiita dunia mama. Msilazimishe maneno hayo yawe kitu kimoja. Kila mtu atavumilia kazi ngumu akijua imani yake ndiyo iliyomtuma.

Kwa kazi ya kwanza napendelea kukinga maji ya mvua, kwa sababu nyumba za ibada zina mapaa makubwa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 300 likipata milimita 20 ni lita 6,000. Toeni moja ya tano kwa yanayopotea, zinabaki 4,800. Maji ya mwanzo yamwagwe, yana vumbi na kinyesi cha ndege. Kukubaliana nani atachota wakati wa ukame ni kugumu kuliko kufunga tenki. Msimamo wangu ni kwamba achote jirani yeyote, bila kuulizwa anasali wapi, na jambo hilo liandikwe kabla tenki halijajaa.

Kazi ya pili ni tahadhari. Msikiti una kipaza sauti, kanisa lina kengele. Ujumbe wa mamlaka ya hali ya hewa usomwe kila mahali kwa maneno yaleyale, maana ukitofautiana watu hubaki wakibishana badala ya kuhama. Pangeni nani atampitia mzee asiyesikia. Nyumba iliyo mwinukoni iwe tayari kupokea wote, ikiwa na vyoo, faragha ya wanawake na mahali pa kila mmoja kusali.

Miti? Hesabuni iliyo hai baada ya kiangazi cha pili. Na msitu uliopo ulindwe kwanza: watawa wa Kibudha nchini Thailand huivika miti mikubwa vitambaa vya majoho yao ili wakataji waiogope.

Sharti moja silegezi: kazi hii haitumiki kuvuta waumini. Hakuna vijitabu vya mahubiri kwenye foleni ya maji, hakuna bango la nyumba moja juu ya jasho la wote. Shaka ikiingia hapo, kamati imekufa. Fedha nazo zitolewe kwa sahihi za watu wawili wa dini tofauti, na hesabu zibandikwe kwenye kila mlango.

Mkutano uhame nyumba kila mara. Mwenyeji aeleze mapema habari za viatu, kufunika kichwa na mahali pa kukaa, ili mgeni asiaibike akifika.