Kufuga kuku mchanganyiko kwenye ua wenye watoto, mbwa na paka

Mwongozo huu unaihusu kaya ya mjini Kigoma, iwe Mwanga, Gungu au Ujiji, yenye ua wa kiasi, watoto wanaocheza humo mchana kutwa, mbwa wa ulinzi na paka wa kukamata panya, na ambayo inataka kufuga kuku ishirini hivi wa aina mbalimbali pamoja na bata wachache. Kazi kubwa ya ufugaji wa namna hii ni kupanga nani anaingia lini na nani analala wapi. Kwa sababu hiyo hatua hizi zisirukwe.

Hatua ya 1: Banda litangulie kuku

Kadiria kuku wakubwa 5 au 6 kwa mita moja ya mraba, vichanja vya kulalia vyenye nafasi ya sentimita 20 kwa kila kuku, na kiota kimoja kwa kila mitetea 4 au 5. Tenga chumba kidogo pembeni chenye mlango wake na wavu, kwa kuwa kitahitajika mara kwa mara. Ziba kila tundu, maana kicheche na nguchiro hupenya mahali usipopatilia maanani, na kwa wanaokaa karibu na ziwa kuna kenge, ambaye ni hodari wa kula mayai. Mlango ufungwe kwa komeo, kamba hulegea.

Hatua ya 2: Chagua mchanganyiko unaopatana

Koo wa kienyeji ndiye mlezi, hivyo usimkose. Kuroiler, ambao asili yao ni India, na Sasso kutoka Ufaransa hukua haraka lakini ni wavivu wa kuatamia. Mayai yao mwekee koo wa kienyeji, naye atayatotoa kwa siku 21. Kuchi ni kuku wa kupendeza kwa urefu na umbo, lakini ni mgomvi, na sishauri majogoo wawili wa kuchi wakae ua mmoja. Jogoo 1 anatosha mitetea 8 hadi 10.

Bata wetu wa kawaida, wale wenye ngozi nyekundu usoni, huatamia kwa siku 35 hivi. Dume lao likikosa majike ya kutosha huanza kupanda mitetea ya kuku, na kwa uzito wake linaweza kuwajeruhi vibaya, kwa hiyo lipate majike 3 au zaidi, au usiliweke kabisa. Beseni la maji ya bata likae mbali na matandazo ya banda, kwani bata huchafua na kumwaga maji siku nzima, na unyevu huo huleta ugonjwa wa kuhara damu kwa vifaranga.

Hatua ya 3: Waingize wageni taratibu

Kuku aliyenunuliwa sokoni asiachiwe uani siku hiyohiyo, hata akiwa mchangamfu. Mweke peke yake, mbali na wenyeji, kwa wiki 3 au 4, na umhudumie baada ya kuwahudumia wenyeji. Angalia kinyesi, macho, na chini ya mabawa kama kuna utitiri au chawa. Baadaye mhamishie kwenye kile chumba cha pembeni kwa wiki moja, ili waonane kupitia wavu bila kufikiana.

Siku ya kuwachanganya, subiri giza liingie, kisha mpandishe mgeni kwenye kichanja katikati ya wenzake. Afadhali wageni wawe wawili au watatu, kwa kuwa mmoja peke yake ndiye atakayedonolewa na wote. Asubuhi mwaga chakula sehemu tatu au nne, ili mnyonge akifukuzwa hapa akale pale. Kufukuzana na kunyang'anyana kichanja kwa siku chache ni jambo la kawaida, lakini damu ikionekana kwenye kishungi au mkiani mtoe majeruhi mara moja, kwa sababu kuku wakiona wekundu hawaachi kudonoa.

Hatua ya 4: Mbwa na paka

Mbwa mfundishe akiwa ameshiba na amefungwa kamba. Mkalishe nje ya wavu huku kuku wakila, umsifu anapotulia na kumvuta anapokaza macho na kuinamisha kichwa, kwani hiyo ndiyo dalili ya kutaka kuruka. Rudia kila siku mpaka awaone kuku kuwa kitu cha kawaida, na hata hapo usimwache nao bila mtu. Mnapochinja, asipewe vichwa wala matumbo mabichi, na maganda ya mayai yasitupwe mbele yake.

Paka huogopa koo mwenye vifaranga kuliko anavyoogopa fimbo. Hatari iko kwa vifaranga wasio na mama. Hao wafunike kwa tenga zito, uliwekee jiwe juu, mpaka watakapokua.

Hatua ya 5: Watoto

Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wanaposhika kuku au mayai, na wasibusu vifaranga, kwa kuwa kuku mwenye afya nzuri anaweza kubeba bakteria wa salmonela, ambao huwadhuru zaidi walio chini ya miaka 5. Jogoo mwenye kucha ndefu asibaki na mtoto mdogo, ambaye uso wake uko usawa wa kucha hizo. Kuokota mayai mchana na jioni ni kazi inayowafaa wakubwa kidogo. Waambieni mapema ni kuku yupi wa kitoweo, kabla hawajampa jina, vinginevyo Idi au Krismasi itakuwa ya vilio.

Hatua ya 6: Chakula na chanjo

Pumba za mahindi, mashudu na dagaa wa kusaga hutosha, ila dagaa wasizidi sehemu moja ya kumi, la sivyo mayai yatanuka samaki. Masalia ya dagaa kutoka mialoni kama Kibirizi yachekeche mchanga na uyatunze kwenye ndoo yenye mfuniko, maana harufu yake huita paka wa mtaa mzima. Vifaranga wasile chakula cha kuku wanaotaga, kwa kuwa kalsiamu nyingi huharibu figo zao. Kaanga maganda ya mayai, uyasage, kisha uyaweke kwenye chombo pembeni, mitetea watajichukulia.

Dhidi ya mdondo, tumia chanjo ya I-2, ambayo hustahimili joto kuliko nyingine nyingi: tone moja kwenye jicho la kila kuku mzima wa afya, wakubwa kwa wadogo, kila baada ya miezi 3. Chupa moja huhudumia kuku wengi kuliko wa nyumba moja, kwa hiyo kubalianeni na majirani mchange fedha na mchanje siku moja, asubuhi, kabla kuku hawajafunguliwa. Mbwa na paka nao wapelekwe kwa daktari wa mifugo kupata chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka.