Kuchagua nguzo za uzio wa umeme: za kudumu na za kuhamisha

Uzio wa umeme hauna nguvu ya kumzuia ng'ombe. Anakaa ndani kwa sababu siku moja aliugusa kwa pua, na hana hamu ya kurudia. Basi nguzo nyingi zina kazi moja tu: kushika waya katika kimo chake usiguse ardhi wala chuma. Wenzangu wengi hununua miti minene ya mstari mzima, kisha wanabana fedha kwenye kona. Ni kinyume kabisa.

Hatua ya 1: Amua waya utakaa muda gani
Mpaka wa shamba na kandokando ya barabara panataka uzio wa kudumu. Kugawa malisho kwa siku mbili tatu kisha kusogea kunataka wa kuhamisha. Kama hujui mstari upite wapi, anza na wa kuhamisha kwa msimu mmoja. Njia za ng'ombe zitakuonyesha.

Hatua ya 2: Simamisha kona kwanza
Waya mgumu wa milimita 2.5 ukikazwa huvuta kwa nguvu ya kilo 90 hivi. Nyaya tano ni kilo 450, usiku na mchana, nguzo haipumziki. Tumia mti uliotiwa dawa, unene wa sentimita 15, uuzike sentimita 90 au zaidi na kushindilia udongo kila unapojaza kidogo.

Kisha itie mwega: nguzo ya pili kama mita 2.5 ndani ya mstari, boriti ya mlalo kati yao, na waya wa mshazari. Waya huo utoke juu ya nguzo ya pili ushuke hadi chini ya ile ya kona. Mimi mara ya kwanza niliufunga kinyume, juu ya kona kwenda chini ya pili. Mvua ilipolainisha udongo, kona ikainama kama mzee anayetafuta fimbo yake.

Hatua ya 3: Nguzo za katikati
Kwenye tambarare, mita 10 hadi 15 kati ya nguzo zinatosha. Weka moja kila mwinuko na kila bonde. Ya bondeni izikwe zaidi, maana waya huivuta juu ing'oke.

Mti unataka vihami, yaani vishikio vya waya visivyopitisha umeme, hata ukionekana mkavu, kwani ukilowa huvujisha umeme. Nguzo ya chuma hupigwa haraka na haijali mchwa, lakini kihami kimoja kikipasuka, shoti yote inaishia ardhini. Faibaglasi haihitaji kihami, ila jua huila ngozi yake, nayo huacha vibanzi visivyoonekana mkononi. Vaa glavu. Na usikate vipande vya mpira mweusi ukavifanya vihami: mwingi una kaboni ndani, nayo hupitisha umeme.

Hatua ya 4: Nguzo za kuhamisha
Fito za plastiki za kukanyagia kwa mguu zina ndoano kadhaa, kwa hiyo zinafaa kondoo na mbuzi, wanaotaka nyaya tatu au zaidi, ya chini kabisa ikiwa kama sentimita 20 kutoka ardhini. Udongo ukikauka sana, hukatika pale unapokanyaga. Kwa ng'ombe mimi napenda fito za chuma zenye kichwa kilichopindwa kitanzi na kuvikwa plastiki: waya mmoja, sentimita 75 hadi 90, fito kila hatua nane au kumi. Unapoing'oa, shika chuma na uzungushe. Ukivuta kichwa, plastiki itachanika.

Mwisho wa waya ufunge kwenye kitu imara. Fito nyepesi haisimami wima ikivutwa upande mmoja.

Hatua ya 5: Sikiliza
Washa mashine inayotia umeme kwenye waya, nenda mwisho wa uzio na kipima volti. Kikisoma chini ya volti 3,000, tembea mstari usiku kukiwa kimya. Utasikia tik, tik, karibu kila sekunde, na pengine utaona cheche ndogo ya buluu nyuma ya kihami. Zima mashine kabla ya kukibadilisha.